Kaskazi na Kusi Ndani ya Ukumbi Wetu

Mwezi wa Rajabu wa mwaka 2025 binti yangu aliposwa hapa kwetu Mtongwe, na harusi ikawekwa Mfunguo Mosi. Furaha haikumaliza usiku mmoja. Asubuhi yake niliutazama ukumbi wetu, chokaa imebambuka na viti vinalia, nikaona haya. Wakwe watakaa wapi? Basi nikatia nia ya kukopa. Makochi ya kitambaa cha manyoya, zulia la nailoni, mapazia mazito ya tabaka mbili, na maua ya plastiki ya kuweka juu ya televisheni. Hata arubuni ya mapazia nilikwisha kuitoa.

Shangazi yangu aliyenilea, na ambaye twakaa naye, alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, joto lote hili la Kaskazi, wataka kutuvika mablanketi? Na deni hilo atalilipa nani, wewe ama bwana harusi?"

Niliudhika, siwafichi. Lakini usiku ule nililala kwa jasho, dirisha wazi, nikafikiri mapazia yale yangelifanya nini.

Wazee wetu waliipamba nyumba kwa kufuata upepo. Kaskazi huvuma tangu Disemba hadi Machi, kavu na yenye jua kali. Huo ndio wakati wa kupaka chokaa, kwani ukuta hukauka upesi. Kitambaa kizito huondolewa, leso nyepesi ikatundikwa mlangoni, mkeka ukatandikwa sakafu tupu ili mwili upate baridi. Kusi ikija na masika yake, mkeka hukunjwa na kupandishwa juu ya kabati usiote ukungu, na chetezo cha ubani kikapitishwa kila chumba kuondoa harufu ya unyevu. Ama Ramadhani na Idi hazifungwi na upepo, maana mwaka wa mwezi ni mfupi kwa siku kumi au kumi na moja. Kuna miaka Idi huja na maembe, na miaka huja na matope. Mwenye nyumba mwerevu huzitazama saa zote mbili.

Basi tukaanza. Chokaa nilipaka mwenyewe, na mgongo wangu ungali unakumbuka. Arubuni ya mapazia haikurudi, nikasamehe. Sahani za maua za marehemu bibi, zilizokuwa ndani ya sanduku miaka mingi, zikasuguliwa zikapangwa ukutani. Kawa tatu za rangi zikatundikwa kando yake. Mkewangu akapanda asumini na mrehani mlangoni, jioni vikatiwa sinia ya maji katikati ya chumba. Hakuna aliyeyakumbuka maua ya plastiki.

Kazi ilikuwa mkeka. Shangazi alishika kwamba mkeka wa bibi harusi atausuka yeye, na macho yake yamefifia. Miyaa nayo si ya kuokota tena huku kwetu, mikoma mingi imekatwa kwa viwanja. Tukaagiza matita kutoka upande wa Kwale. Makuti machanga ya mkoma huanikwa juani, yakachanwa nyuzi nyembamba, nyingine zikachemshwa na rangi, kisha zikaloweshwa kidogo na kusukwa ukili. Ukili hupimwa kwa pima, mikono miwili ikanyooshwa, na ukitimia hushonwa ubavu kwa ubavu hadi upatikane mkeka. Mimi nilikuwa nikidhani mkeka ni kitu cha rahisi! Mkeka mmoja mzuri ni kazi ya wiki nyingi, na anayeulilia bei sokoni hajapata kukaa karibu na msukaji.

Sisemi turudie makuti juu ya kila nyumba. Makuti huvuja yakichakaa, na cheche moja hutosha kuyateketeza. Paa langu ni mabati na litabaki mabati. Lakini hunishangaza kwamba wageni huko Diani hulipa fedha nyingi walale chini ya makuti na wakanyage mikeka, nasi tunaotoka ng'ambo hii hii tunavitupa ili tununue nailoni.

Shangazi alisuka Ramadhani yote, baada ya alasiri hadi karibu ya adhana ya magharibi, vidole vikiona badala ya macho. Idi ikatukuta na mkeka umepungua kili mbili. Wakwe walipokuja walikaa juu ya mikeka ya kuazima kwa majirani, wakasifu upepo.

Mkeka wenyewe ungali haujamalizika. Masika ya Aprili yaliingia, miyaa iliyobaki ikashika unyevu, nao ukili umezungushwa umetundikwa msumarini karibu na sahani za bibi. Binti yangu huja Ijumaa baada ya swala, akakaa miguuni pa shangazi akajifunza. Ukili wake hupinda. Shangazi huupitisha vidoleni, akafika penye kosa, akaufumua bila kusema neno, akamrudishia.