Vumbi la Oldonyiro na Ufundi wa Kupaka Rangi Modeli za Plastiki

Modeli ya plastiki ni mfano mdogo wa gari, ndege au meli, unaouzwa katika boksi ukiwa bado vipande vipande, na mnunuzi ndiye anayeviunganisha kwa gundi na kuvipaka rangi hadi vifanane na chombo halisi. Uraibu huu ulishika kasi baada ya Vita vya Pili vya Dunia: kampuni ya Airfix, iliyoanzishwa London mwaka 1939 na Nicholas Kove, ilitoa modeli ya trekta la Ferguson mwaka 1949 na ya meli ya Golden Hind mwaka 1952, na baadaye mji wa Shizuoka nchini Japani, yaliko makao ya kampuni ya Tamiya, ukawa kitovu cha viwanda vya aina hiyo. Kuunganisha vipande kunahitaji utulivu na kufuata maelekezo, lakini kinachotenganisha kichezeo na mfano unaosadikika ni rangi, na tabaka la mwisho la rangi hiyo, yaani vumbi na uchakavu wa matumizi, ndilo linalodai ujuzi ambao hakuna boksi linaloutoa: kuijua ardhi ambayo chombo kile kilipita.

Ingawa ufundi huu ulikulia mbali na Oldonyiro, mji mdogo wa soko la mifugo katika Kaunti ya Isiolo, karibu na mipaka ya Laikipia na Samburu, karibu kila kanuni yake inaweza kuelezwa kwa vitu vinavyoonekana hapo kila siku, kuanzia mtungi wa maji hadi udongo unaoganda kwenye lori la mbuzi.

Jambo la kwanza ni plastiki yenyewe, kwa maana si kila plastiki hukubali rangi. Katika sehemu nyingi za Kenya watoto hukata mitungi ya mafuta ya kupikia wakaunda magari yenye magurudumu ya vifuniko, na anayejaribu kulipaka gari hilo rangi ya nyumba huona kwamba baada ya siku chache rangi inabanduka kama ganda. Mtungi huo umetengenezwa kwa polithini nzito, ambayo kwa kawaida huwa na namba 2 ndani ya alama ya pembetatu chini yake, na uso wake una asili ya kukataa kushikwa na vitu vingine, ndiyo sababu viwandani plastiki ya jamii hiyo hupitishiwa moto kwa haraka kabla ya kuchapishwa maandishi. Modeli, kwa upande wake, hutengenezwa kwa polistirini, plastiki ya namba 6, ambayo huyeyushwa kwa joto na kusukumwa ndani ya kalibu za chuma, na ambayo hushika rangi vizuri kwa kuwa viyeyushi vya rangi nyingi huilainisha kidogo usoni. Sifa hiyo hiyo ndiyo hatari yake: petroli au thina kali inayotumiwa na mafundi wa magari haiilainishi tu polistirini bali huiyeyusha, na mlango wa gari dogo ukaharibika kabla fundi hajaweka brashi chini.

Kabla ya kupaka, vipande hukatwa kutoka kwenye fremu inayovishikilia, mistari ya maungio ikasuguliwa kwa msasa laini uliolowekwa maji, kisha kila kipande kikaoshwa kwa sabuni ya vyombo ili kuondoa mafuta ya kalibu na jasho la vidole, kazi ambayo hata mahali penye uhaba wa maji haihitaji zaidi ya bakuli moja. Hatua inayofuata ni rangi ya msingi, tabaka jembamba la kijivu au jeupe ambalo huipa rangi ya juu mahali pa kushika na, muhimu zaidi, hufichua makosa, kwa sababu mkwaruzo usioonekana kwenye plastiki inayong'aa hujitokeza mara tu uso wote unapokuwa wa rangi moja isiyong'aa.

Rangi yoyote ina sehemu tatu: chembe zinazotoa rangi, kitu kinachozishikanisha chembe hizo, na kiowevu kinachoziwezesha kutandaa kabla ya kukauka. Morani wa Kisamburu anayejipaka ngeu iliyochanganywa na mafuta ya mnyama anaitumia kanuni hiyo, kwani wekundu wa ngeu ni chembe za oksaidi ya chuma na mafuta ndiyo yanayozishika mwilini. Vivyo hivyo utomvu wa baadhi ya migunga, unaokusanywa Isiolo na katika kaunti nyingine za kaskazini na kuuzwa kwa jina la gamu arabiki, ndio unaoshika chembe katika rangi za maji za wachoraji. Rangi za modeli hutofautiana kwa sehemu ya pili na ya tatu. Rangi ya enameli hukauka polepole, huficha alama za brashi, na huchanganywa na tapentaini ya madini. Laka hukauka upesi na kuuma plastiki kwa nguvu, lakini mvuke wake ni mkali. Akriliki huchanganywa na maji au kileo, haina harufu kubwa, na ndiyo inayomfaa anayeanza.

Hali ya hewa ya nchi kame hubadili namna ya kuzitumia. Penye joto kali na hewa kavu, akriliki hukauka kwenye ncha ya brashi kabla ya kutandaa ikaacha michirizi, na ikipulizwa kwa hewa huweza kukauka njiani ikatua kama unga, kwa hiyo fundi huongeza tone la dawa ya kuchelewesha ukaukaji au hufanya kazi alfajiri kabla jua na upepo havijapanda. Tabaka mbili au tatu nyembamba hushinda moja nzito, ambayo huziba mistari ya milango na bawaba, na kila kipande kilichopakwa hufunikwa kwa boksi lililogeuzwa, kwa sababu vumbi linalotua kwenye rangi mbichi haliondoki tena. Laka na enameli hutumiwa mahali penye hewa inayopita, mpulizaji akiwa amevaa barakoa ya kuchuja mvuke, na mabaki ya viyeyushi hayamwagwi kwenye lagga, mkondo mkavu ambao msimu wa mvua huwa njia ya maji ya watu na mifugo.

Mfano unaoonyesha hatua zilizobaki ni Datsun 240Z, gari lililoshinda mashindano ya magari ya Safari mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann pamoja na Hans Schüller, na tena mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta na Lofty Drews. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953, na gari la ushindi wa 1971 limetolewa na kampuni ya Hasegawa ya Japani kama modeli ya kipimo cha 1:24, maana yake sentimita moja ya modeli husimama badala ya sentimita 24 za gari halisi, hivyo gari zima huwa na urefu wa kama sentimita 17. Mwili wake ni mwekundu na boneti ni nyeusi isiyong'aa, ili jua lisimrudie dereva machoni. Wekundu hupakwa kwanza, kisha sehemu zake hufunikwa kwa utepe na nyeusi ikafuata. Namba na majina ya wadhamini huja kama picha nyembamba zilizobandikwa kwenye karatasi, ambazo huloweshwa, zikateleza hadi mahali pake na kukandamizwa kwa kitambaa. Uso hupakwa vanishi ing'aayo kabla ya kubandika, kwa kuwa hewa inayonaswa chini ya picha kwenye uso wenye mparuzo huacha weupe kama wa fedha.

Gari la Safari likiachwa hapo litafanana na lile lililokuwa dukani, si lile lililovuka mbuga. Kwanza rangi ya kahawia iliyozimuliwa sana huachwa itiririke kwenye mistari ya milango na kufutwa juu, ikabaki kwenye mifereji tu na umbo likajitokeza. Kisha huja vumbi. Hapo ndipo mtu aliyezoea kuangalia malori ya Oldonyiro anapomzidi mwenye kufuata karatasi ya maelekezo. Anajua kwamba vumbi hujaa zaidi nyuma ya gari kuliko mbele, kwa kuwa hewa inayozunguka nyuma hulivuta na kulibandika, kwamba waipa huacha tao safi kwenye kioo, na kwamba mlango unaoshikwa kila mara hung'aa pembeni mwa kitasa. Anajua pia kuwa udongo mweusi wa mfinyanzi wa nyanda za Laikipia huganda kwenye magurudumu kwa mabonge na kukauka kijivu, ilhali udongo wa kichanga wenye wekundu wa Isiolo hupanda kama unga na kubadili rangi ya gari lote. Modeli moja ikichanganya hali hizo mbili bila sababu, mjuzi wa njia hizo huona kosa papo hapo.

Kuchukua udongo wa njiani na kuunyunyiza juu ya modeli hakutoshi, kwa sababu kipimo huhusu hata mchanga: punje ya nusu milimita kwenye modeli ya 1:24 ni sawa na jiwe la milimita 12, ukubwa wa punje ya hindi, na hakuna vumbi la namna hiyo. Udongo husagwa, ukachekechwa kwa kitambaa kilichofumwa kwa kubana, ukapakwa ukiwa mkavu kwa brashi laini, kisha ukashikwa kwa vanishi isiyong'aa inayopulizwa kutoka mbali. Vanishi hiyo hulitia vumbi weusi kidogo, kwa hiyo hupakwa la rangi iliyofifia kuliko linavyotakiwa kuonekana. Fundi mzuri husimama pale kila doa linapoweza kuelezwa, yaani pale anapoweza kusema lilitoka barabara ipi na lilifikaje mahali hapo. Linaloongezwa baada ya hapo ni pambo, na kwenye modeli hiyo halina kazi.