Manukato yanayonong'ona: adabu ya harufu katika utamaduni wa Japani

Manukato ya L'Eau d'Issey yalipoingia sokoni mwaka 1992, maduka mengi ya Ulaya na Marekani yalikuwa yangali yamejaa harufu nzito za miaka ya 1980, zile zinazomtangulia mtu mlangoni na kubaki chumbani baada ya yeye kuondoka. Mbunifu wa mavazi wa Kijapani, Issey Miyake, alitaka kinyume chake: manukato safi na mepesi kama maji.

Kazi hiyo alikabidhiwa Jacques Cavallier, mtengenezaji manukato aliyezaliwa Grasse, kusini mwa Ufaransa. Ugumu wake ulikuwa dhahiri, kwa kuwa maji hayana harufu. Cavallier aliegemea maua yanayoleta hisia ya unyevu na ubichi, yakiwemo yungiyungi, waridi na frizia. Baadhi ya maua ya namna hii huitwa na wataalamu "maua bubu", kwa sababu mafuta yake hayakamuliki. Harufu yake hujengwa upya maabarani, chembe kwa chembe. Aliongeza pia kiasi cha Calone, kemikali iliyogunduliwa mwaka 1966 na wanasayansi wa kampuni ya dawa ya Pfizer, ambayo hukumbusha upepo wa bahari na tikiti lililokatwa.

Kusikiliza harufu

Kiasi hicho hakikuwa kigeni Japani. Kitabu cha kale cha historia ya nchi hiyo, Nihon Shoki, kinasimulia kwamba mwaka 595 gogo la udi lilisukumwa na mawimbi hadi kisiwa cha Awaji, na wenyeji walipolitia motoni wakashangazwa na harufu yake. Kufikia karne ya 15, matumizi ya udi yalikuwa yakigeuka sanaa yenye kanuni zake, iitwayo kodo.

Udi huo ni ule ule unaojulikana katika pwani ya Afrika Mashariki, nao hutoka katika misitu ya Kusini-Mashariki mwa Asia. Tofauti imo katika namna ya kuutumia. Pwani, udi huwekwa juu ya makaa ndani ya chetezo, moshi ukajaa nyumba na nguo. Katika kodo, kaa hufukiwa ndani ya majivu, na kipande kidogo mno cha udi huwekwa juu ya kibamba chembamba kisichoungua. Udi hupata joto bila kuteketea, na moshi karibu hauonekani. Kila mgeni hukiinua kikombe kwa zamu na kuvuta pumzi kwa utulivu. Wajapani husema kwamba mtu "anasikiliza" harufu hiyo. Msemaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa sana, kwani naye husema anasikia harufu.

Adabu kwa jirani

Kujizuia huku kunahusu pia watu wengine. Katika treni au ofisi iliyosongamana, harufu ya mtu mmoja huwa hewa ya wote. Mwaka 2021, taasisi tano za serikali ya Japani zilitoa bango la pamoja likiwakumbusha wananchi kwamba harufu wanayoipenda wao huenda inamtaabisha mwingine.

Ukimya wa Hiroshima

Miyake mwenyewe aliufahamu ukimya kwa namna nyingine. Alizaliwa Hiroshima mwaka 1938, na alikuwa na umri wa miaka 7 bomu la atomiki lilipoangushwa tarehe 6 Agosti 1945. Mama yake alifariki kabla ya miaka mitatu kupita, kutokana na mionzi. Kwa miongo mingi mwanawe hakupenda kulizungumzia jambo hilo hadharani, hadi mwaka 2009 alipoandika katika gazeti la The New York Times akimhimiza Rais Barack Obama azuru Hiroshima. Alieleza kwamba hakutaka kutambulishwa kwa bomu, na kwamba alichagua kufikiria vitu vya kuunda badala ya vya kubomoa.

Obama alizuru mji huo mwaka 2016. Miyake alifariki mwaka 2022. Haifai kudai kwamba chupa ya manukato inabeba historia hiyo yote. Hata hivyo, anayejua habari hiyo huelewa kwa nini mtu huyo alipoombwa harufu ya kuuza duniani alichagua maji, na kwa nini hakuhitaji kupaza sauti.