Boti ya mitungi: Usihesabu viti, pima mitungi

ANAYETAKA kununua boti ya mitungi ya kutembezea watalii katika Ziwa Naivasha au Baringo hukabiliwa na swali moja: achukue ndogo ya mita sita au kubwa ya mita saba na nusu? Wengi huhesabu viti kisha wakaamua. Lakini viti havielei. Kinachoelea ni ile mitungi ya aluminiamu iliyojaa hewa chini ya sakafu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kila lita 1,000 za mtungi zilizozama majini hubeba takriban tani moja. Mitungi miwili yenye kipenyo cha sentimita 63 na urefu wa mita sita ina jumla ya lita 3,700 hivi. Kwa tahadhari, isizame kupita nusu. Basi uwezo wake ni kilo 1,850. Tuseme boti, injini na mafuta vina kilo 1,100. Zinabaki 750, yaani watu tisa wa kilo 80 kila mmoja, nahodha akiwemo na mizigo ikiachwa nchi kavu.

Kurefusha mitungi hiyo hadi mita saba na nusu huongeza nguvu ya kuelea kwa robo tu, na sakafu nayo huzidi uzito. Mtungi wa tatu huongeza nusu nzima. Hata hivyo, huo hukaa katikati, kwa hivyo haisaidii sana boti isiinamie ubavuni wageni wote wanapokimbilia upande mmoja kumpiga picha kiboko.

Mnamo Machi 6, 2004, boti ya aina hii iitwayo Lady D, yenye urefu wa mita 11, ilipinduliwa na dhoruba ya ghafla katika bandari ya Baltimore, Marekani. Ilikuwa na watu 25, na watano walikufa. Wachunguzi waligundua kwamba iliidhinishwa kwa kulinganishwa na boti nyingine ambayo muundo wake ulikuwa tofauti. Isitoshe, kila abiria alikadiriwa kuwa na kilo 63.5 tu. Baadaye, mwaka wa 2011, Marekani ilipandisha kadirio hilo hadi takriban kilo 84. Idadi ya abiria haikupita kiwango kilichoandikwa. Kiwango chenyewe ndicho kilichokuwa na kasoro.

Kuna pia suala la upepo. Boti kubwa yenye paa huukinga kama tanga, na katika maziwa yetu upepo hupenda kuvuma alasiri. Naivasha iko karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na injini ya kawaida hupoteza karibu thuluthi moja ya nusu... tuseme waziwazi, chini kidogo ya moja kwa tano ya nguvu zake. Injini ya nguvu farasi 50 hufanya kazi kama ya 40. Anayenunua boti kubwa kwa injini ndogo ili kupunguza gharama atashindwa kurudi gatini upepo ukimkabili.

Kwa hivyo, mwenye wageni sita au saba kwa safari atosheke na ndogo. Anayebeba kumi na zaidi anunue kubwa yenye mitungi mitatu na injini ya kutosha. Kabla ya kulipa, aulize kipenyo cha mitungi, apakie magunia ya mchanga upande mmoja aone boti inavyoinama, kisha aipeleke kukaguliwa na Halmashauri ya Ubaharia Nchini (KMA).