Kikombe cha Babu: alichotupa na kilichotugharimu

Litaje jina la Babu wa Loliondo kwenye benchi la kliniki ya kisukari popote kati ya Karatu na Ngorongoro, na benchi litagawanyika papo hapo. Mmoja atasema yule mzee alikuwa mtu wa Mungu na hakumtoza maskini zaidi ya jero. Mwingine ataeleza, kwa sauti ya chini, kuhusu ndugu aliyerudi kutoka kule akatupa vidonge vyake, na hakumaliza mwaka. Miaka imepita, lakini mjadala haujaisha. Wiki hii tuuzungumze, ndugu msomaji, kwa sababu unagusa uamuzi ambao familia nyingi bado zinaufanya leo.

Kwa waliokuwa wadogo wakati ule: Ambilikile Mwasapile alikuwa mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), akiishi kijiji cha Samunge, wilayani Ngorongoro. Mwaka 2010 alianza kuwapa wagonjwa kikombe kimoja cha dawa iliyochemshwa kutokana na mti wa mugariga, kwa Sh500. Alisema ameoteshwa na Mungu, na kwamba dawa hiyo ingeponya maradhi sugu, yakiwemo UKIMWI, kisukari na saratani. Ilibidi uinywe palepale Samunge. Kufikia Machi 2011 foleni ya magari ilikuwa ya kilomita nyingi. Watu walitoka nchi nzima na nchi jirani, wengine kwa basi na wengine kwa helikopta. Viongozi wa serikali nao walikunywa, na picha zao zikatoka magazetini. Mzee Mwasapile alifariki dunia tarehe 30 Julai 2021.

Kwa nini walikwenda

Baadhi yetu madaktari tulizoea kusema walikwenda kwa ujinga. Jibu hilo ni jepesi mno. Mwaka 2011 mgonjwa wa saratani wa Karatu aliyehitaji tiba ya mionzi alikuwa na mahali pamoja tu pa kwenda hapa nchini, nako ni Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 700 kutoka kwake. Mwenye kisukari aliambiwa atameza dawa maisha yake yote, na mara nyingine akafika dirishani akaambiwa hazipo. Mwenye VVU alipewa dawa bure, lakini alikaa kwenye benchi ambalo kila mpita njia alijua ni la nani.

Samunge hapakuwa na benchi la aibu. Waziri na mchunga mbuzi walikunywa kikombe kilekile kwa bei ileile. Hakuna aliyeulizwa alipataje ugonjwa wake. Mzee mmoja alimpokea kila mtu na kumwambia kwamba Mungu hajamsahau. Sisi wenye makoti meupe, katika dakika tano za kumwona mgonjwa, ni mara ngapi tunampa hata nusu ya hayo? Hili ni deni letu, na wanaomtetea Babu wana haki ya kutukumbusha.

Kwa nini wengine walijisikia nafuu

Wengi walirudi wakisema wamepona, na hawakuwa wakidanganya. Shinikizo la damu kwa kawaida halina dalili. Ukiacha vidonge, maudhi yake kama kizunguzungu na kukojoa mara kwa mara yanakoma, nawe unajiona mzima huku mishipa ikiendelea kuumia. Mwenye kisukari aliyekaa safarini siku kadhaa akila kidogo, sukari yake huweza kushuka. Pumu huja na kuondoka. Mwenye VVU akiacha dawa, virusi huanza kuongezeka tena ndani ya wiki chache, lakini yeye anaweza kuchukua miezi au miaka kabla ya kuugua. Juu ya hayo, tumaini lenyewe hupunguza maumivu na kuleta usingizi. Nafuu hiyo ni ya kweli. Kosa ni kuiita kupona kabla ya kupima.

Gharama yake

Kufikia mwisho wa Machi 2011, vyombo vya habari viliripoti kuwa watu 52 walikuwa wamekufa wakisubiri kikombe. Baadhi ya wagonjwa walikuwa wametolewa wodini na ndugu zao, wakapandishwa magari kwenye barabara ya vumbi na mawe.

Hao ndio waliohesabiwa. Waliofia nyumbani baadaye hawakuandikwa kwenye daftari la Samunge. Mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza akikosa insulini, mwili huanza kuchoma mafuta, asidi hujaa kwenye damu, hutapika, hupumua kwa kasi, na ndani ya siku chache anaweza kupoteza fahamu na kufa. Mwenye kifafa akiacha dawa ghafla anaweza kupata degedege lisilokoma. Kwa wenye VVU kulikuwa na hatari nyingine. Dozi nyingi za wakati ule zilikuwa na nevirapini au efavirenzi, dawa ambazo hubaki mwilini muda mrefu kuliko wenzake kwenye dozi. Ukiziacha zote siku moja, hiyo moja inabaki ikipambana peke yake, na virusi hujenga usugu dhidi yake. Mgonjwa aliporudi kliniki, dawa ya jana huenda haikumfaa tena.

Kuna na jeraha ambalo halionekani kwa darubini. Aliyekunywa asipone aliambiwa mtaani kwamba hakuwa na imani. Akabeba ugonjwa, kisha akabeba na lawama.

Mjadala huu si wetu peke yetu

Mama Teresa wa Kolkata alifungua nyumba ya watu wanaokufa mwaka 1952, akapata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1979, na Kanisa Katoliki likamtangaza mtakatifu mwaka 2016. Hata hivyo, mwaka 1994 mhariri wa jarida la kitabibu la Lancet, aliyeitembelea nyumba hiyo, aliandika kwamba wagonjwa walipewa upendo mwingi lakini hawakuwa na dawa kali za maumivu. Wapenzi wake walikasirika. Swali alilouliza lilikuwa halali, na halikumfanya Mama Teresa kuwa mtu mbaya.

Mzee Mwasapile tofauti yake ni moja, nayo ni kubwa. Mama Teresa hakuwaahidi wanaokufa kwamba watapona. Kwa maoni yangu, tunaweza kuukumbuka ukarimu wa mzee wa Samunge bila kumwita tapeli, na bado tukasema wazi kwamba ahadi ya kikombe iligharimu maisha. Heshima kwa marehemu haidai tuwanyamazie waliokufa kabla yake.

Kuna njia ya tatu

Dini na tiba zinaweza kukaa kitandani pamoja na mgonjwa bila mmoja kumfukuza mwenzake. Hospitali ya Wasso, iliyo huko huko Loliondo, ilianzishwa miaka ya 1960 na Herbert Watschinger wa Austria, aliyekuwa padri na daktari kwa pamoja. Nchini Uganda, Anne Merriman, daktari aliyewahi kuwa sista, alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993 akitumia mofini ya maji: unga wa mofini uliochanganywa na maji, ambao mgonjwa huunywa nyumbani kwake. Hapa kwetu, kanisa lilelile la Mzee Mwasapile limekuwa likitoa huduma hii kupitia Hospitali ya Selian, Arusha.

Huduma hiyo inaitwa tiba shufaa. Haimwahidi mgonjwa asiyetibika kwamba atapona. Inamwahidi kwamba hataachwa na maumivu, kichefuchefu, vidonda vinavyonuka wala hofu ya usiku, na kwamba kuna mtu atakayekaa na familia yake. Hiki ndicho wengi walichokifuata Samunge bila kulijua jina lake.

Wewe ufanye nini

Ukitaka kuombewa, ombewa. Ukitumia mitishamba, mwambie daktari au muuguzi wako, maana mingine hugongana na dawa za hospitali. Lakini usiache dozi kwa sababu umejisikia vizuri au umeambiwa umepona. Nenda ukapime: sukari, presha, wingi wa virusi. Mungu akiwa amekuponya, kipimo hakitamwaibisha.

Ukiwa na mgonjwa ambaye hospitali imesema haponi, usikubali kuambiwa "mpelekeni nyumbani" na mazungumzo yakaishia hapo. Uliza maswali matatu. Maumivu yake yatatulizwa kwa dawa gani? Nani atatufundisha kumhudumia? Tumpigie nani usiku? Akiandikiwa mofini, usiogope: ikitolewa kwa kipimo sahihi haiharakishi kifo, na mgonjwa wa saratani anayeitumia kwa maumivu ni nadra kuwa mteja wa dawa. Omba pia dawa ya kulainisha choo, kwa sababu mofini hufunga choo.

Na kwenu wachungaji, mapadri na masheikh: waumini wanawasikiliza kuliko wanavyotusikiliza sisi. Mnapomwekea mgonjwa mikono, mwambieni pia ameze dawa yake jioni. Sentensi hiyo moja, kama ingesemwa kwa sauti kwenye kila gari lililokuwa foleni ya Samunge, kuna watu tungekuwa nao leo.