Chanjo, Wanja na Vumbi la Rangi Kuukuu

Mtoto wa Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, akifikisha wiki 6 hupelekwa kliniki kudungwa sindano ya kumkinga na dondakoo, pepopunda, kifaduro na homa ya ini aina ya B. Hurudi wiki ya 10 na ya 14. Ya surua humngoja miezi 9. Sindano huufundisha mwili kutengeneza kingamwili. Hata hivyo, watoto wawili waliodungwa siku moja hawapati kingamwili sawa, na huenda kemikali zilizoingia mwilini ni mojawapo ya sababu.

Mwaka 2012, Philippe Grandjean na wenzake walichapisha utafiti wa watoto wa Visiwa vya Faroe. Walipima kemikali za PFAS, zinazotiwa kwenye nguo na vifungashio ili visishike maji wala mafuta. Kiwango cha PFAS kilipokuwa maradufu kwa watoto wa miaka 5, kingamwili za pepopunda na dondakoo walipofika miaka 7 zilikuwa pungufu kwa takriban nusu. Mwaka 2015, watafiti wa Guiyu, China, mji wa kuvunjavunja vifaa chakavu vya umeme, waliona kingamwili za homa ya ini ni haba kwa watoto wenye madini mengi ya risasi katika damu. Tafiti hizi zinaonyesha uhusiano. Hazitoshi kuthibitisha chanzo.

Risasi si ngeni Mombasa. Mtaa wa Owino Uhuru, ng'ambo ya kisiwa, ulichafuliwa na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Mji wa Kale hauna kiwanda cha aina hiyo, lakini una milango na roshani zilizopakwa rangi tabaka juu ya tabaka. Rangi za zamani huweza kuwa na risasi. Fundi akizikwangua, vumbi hutua sakafuni anakotambaa mtoto. Wanja wa jiwe nao, anaopakwa mtoto machoni, huweza kuwa na risasi nyingi.

Mtoto aliyepungukiwa na madini ya chuma hufyonza risasi zaidi. Chuma chenyewe kina uzito katika chanjo: utafiti wa Msambweni, Kwale, uliochapishwa mwaka 2020, ulionyesha kuwa watoto wenye upungufu wa damu wakati wa kuchanjwa walipata kinga hafifu zaidi.

Kwa hiyo, mama, usikose hata sindano moja na uendelee kunyonyesha. Kinga pungufu ni bora kuliko kukosa kinga. Mwulize muuguzi kuhusu damu na chuma cha mwanao. Rangi ikikwanguliwa, mwanao na mjamzito wahame kwanza, kisha nyumba ipigwe deki kwa maji, isifagiliwe kavu. Baba anayeshughulika na betri abadilishe nguo kabla ya kumpakata mwanawe. Macho ya mtoto hayahitaji wanja.

Serikali ya kaunti nayo ina deni kwetu: kupima risasi katika damu ya watoto kliniki zinakotolewa chanjo.