Chungu cha Shule: Chakula na Michezo ya Watoto wa Kibiti na Delta ya Rufiji

Karatasi hii yaandikwa kwa wakulima wa wilaya ya Kibiti, wale wa nchi kavu ya Bungu, Jaribu na Mtawanya, na wale wa delta, toka Nyamisati hata Salale na Mbwera. Habari yake si mbolea wala wadudu wa mikorosho, mambo ambayo mmezoea kuyasoma katika karatasi zetu. Habari yake ni mtoto aendaye shule na tumbo tupu. Huenda mtu akauliza, "Mambo ya shule yamhusu nini Bwana Shamba?" Jibu ni kwamba chakula cha shule hakioti shuleni. Chatoka shambani, na shamba ndilo kazi yangu na yenu.

Ninyi mlio delta mwaijua siku ya mtoto wenu. Huamka kabla ya jua, huvuka mkondo kwa mtumbwi ikiwa maji yamejaa, au hupita matopeni ikiwa yamekupwa. Akipata kiporo ni bahati. Aghalabu hupata chai ya rangi tu. Kisha hukaa darasani hata saa nane mchana. Mwalimu amwona anasinzia, naye huenda akamdhani mvivu. Si mvivu. Ubongo wa mtoto hutumia sehemu kubwa ya nguvu ya chakula anachokula, na chakula kikikosekana akili huwa nzito kama taa iliyopungukiwa mafuta.

Tena liko jambo lililo kubwa kuliko hilo. Mpunga unapotoa masuke, wazazi huhamia madunguni kuamia ndege na kuwafukuza nguruwe. Hapo kila mzazi hufanya hesabu moyoni: nikimwacha mtoto kijijini, nani atampikia? Basi humchukua, na mtoto hukosa masomo majuma mengi, akirudi amekwisha kuachwa nyuma na wenzake. Simlaumu mzazi huyo, maana hakuna mtu mwenye akili amwachaye mwanawe na njaa. Lakini penye chungu cha mchana shuleni hesabu hiyo hubadilika. Mtoto aweza kubaki kwa bibi yake, akala shuleni, na jioni bibi akampa kidogo alicho nacho. Chungu kimoja huweza kumbakiza mtoto shuleni kuliko maonyo mengi ya mwalimu.

Sasa tutazame kipikwacho. Wengi wetu twasema mtoto ameshiba akiwa amekula muhogo. Muhogo ni zao jema, hustahimili ukame, nami sina neno baya juu yake. Lakini katika gramu 100 za unga wa muhogo, chakula cha kujenga mwili hakizidi sana gramu 2, hali katika gramu 100 za kunde kavu chapata karibu gramu 24. Mtoto alaye muhogo mtupu hujaza tumbo bila kujenga nyama na damu. Uchunguzi wa afya uliofanywa nchini mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 walio chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao upasavyo. Watoto hao ndio waingiao darasa la kwanza. Urefu waliokwisha kuupoteza ni vigumu kurudi wote, lakini damu, nguvu na usikivu huweza kuongezwa kwa kulishwa vema.

Basi muhogo, mahindi au wali upate mwenzake. Mwenzake wa kwanza ni kunde, choroko, mbaazi au maharage. Mwenzake wa pili ni samaki, nanyi wa delta hamhitaji kufundishwa na mtu wa bara juu ya samaki. Kambale, perege, dagaa na uduvi vyote vyafaa, na dagaa mkavu akiliwa mzima na mifupa yake huimarisha mifupa ya mtoto. Kiganja kimoja cha uduvi uliotwangwa, kikitiwa katika mchuzi wa kunde, huugeuza mchuzi wote. Mwenzake wa tatu ni majani: mchicha, matembele, majani ya kunde na kisamvu. Hayo yana vitamini A, ilindayo macho na kumsaidia mtoto kushindana na maradhi. Majani huliwa vema yakiwa na mafuta kidogo au tui la nazi, kwa sababu vitamini hiyo huyeyuka katika mafuta. Kisamvu lazima kitwangwe na kuchemshwa sana, kwa maana kibichi kina sumu. Viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya machungwa vina vitamini hiyo hiyo kwa wingi, navyo vyafaa sana kwa bustani ya shule.

Juu ya wali nina habari ya kuku. Katika miaka ya 1890 daktari mmoja Mholanzi, jina lake Christiaan Eijkman, alikuwa kisiwani Java, ambako watu waliokula mchele mweupe walipatwa na ugonjwa wa kufa ganzi miguu. Akaona kuku waliolishwa mchele uliokobolewa sana hulegea miguu vivyo hivyo, na wakilishwa mchele wenye pumba zake hupona. Baadaye ikajulikana kwamba katika ganda jembamba la punje mna vitamini, naye mwaka 1929 akapata tuzo ya Nobel. Kwa hiyo mchele uliotwangwa kwa kinu, ambao vijana wetu wauonea haya kwa sababu si mweupe, wampita kwa afya ule ung'aao wa mashine. Hali kadhalika dona laupita unga wa sembe.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo mikutano mingi huvunjika kwa kelele. Tuseme mtoto mmoja apewa gramu 100 za dona na gramu 30 za kunde kila siku, na siku za masomo katika mwaka ni 190. Basi atahitaji kilo 19 za mahindi, yaani debe moja na kidogo juu yake, na kilo 6 za kunde zisizotimia. Huo ndio mzigo wa mtoto mmoja kwa mwaka mzima. Mwenye watoto watatu apimie mara tatu. Mkulima auzaye ufuta au korosho atakubali kwamba si mzigo wa kumvunja mgongo, ikiwa tu autoa wakati wa mavuno au mara baada ya malipo, kabla ya sherehe na madeni kuikausha mikono.

Wako wasemao, "Elimu ni bure, Serikali ilishe." Ni kweli kwamba tangu mwaka 2016 ada zilifutwa. Lakini chakula cha mchana katika shule za kutwa kimeachwa kwa wazazi na jamii, kwa mapatano yao wenyewe katika mkutano wa kijiji. Na mapatano maana yake si kulazimishana. Mtoto ambaye mzazi wake hakutoa asifukuzwe shuleni wala asiketishwe kando akiwatazama wenzake wakila. Mafuriko ya Aprili 2024 yalichukua mashamba ya watu wengi wa Rufiji na Kibiti, na mtu aliyeona mpunga wake ukielea hawezi kudaiwa debe. Mtu kama huyo atoe kuni, au maji, au samaki, au siku moja ya kazi katika bustani. Mwenyekiti akiliandika hilo katika daftari pamoja na madebe ya wengine, hapana atakayejiona ombaomba.

Nami niwaeleze kosa langu, mpate kujiepusha nalo. Miaka michache iliyopita nilikishauri kijiji kimoja kuanzisha chungu. Watu waliitika vizuri, madebe yakaletwa mwisho wa masika, nami kwa furaha ya kuona magunia yakipangwa sikutia meno katika punje hata moja. Mahindi hayakuwa makavu. Yaliwekwa sakafuni, katika chumba kisicho na hewa, na baada ya miezi miwili yakaota ukungu wa kijani. Ilinipasa kusimama mbele ya akina mama walioyabeba vichwani na kuwaambia yatupwe yote. Mama mmoja aliniuliza kama nitawalipa. Sikuwa na jibu. Lakini sikuweza kuamuru vingine, kwa maana ukungu huo una sumu ambayo haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara watu waliugua ini kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na wengine wakafa.

Basi anikeni juu ya turubai au mkeka, wala si juu ya ardhi tupu. Punje iliyo kavu hulia ikiumwa kwa meno, nayo haibonyei. Au chukueni chupa kavu ya kioo, tieni punje kiasi na chumvi kavu kidogo, mtikise, kisha mngoje robo saa; chumvi ikishika ukutani mwa chupa, mahindi bado yana maji. Magunia yakae juu ya vichanja, mbali na ukuta. Kunde nazo zawekwa katika madumu yaliyofungwa pasipo kupitisha hewa, na dumu lijae hata juu, ili wadudu wakose pumzi.

Maji ya kupikia ni taabu katika vijiji ambako mkondo ni wa chumvi. Paa la bati la shule ndilo kisima chenu. Mvua ya milimita 1 juu ya mita moja ya mraba huleta lita 1 ya maji. Paa lenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 8, kwa mvua moja ya milimita 10, laweza kutoa lita 1,600, zikipungua kidogo kwa yanayomwagika. Wekeni mifereji na tangi lenye kifuniko. Kuni zisikatwe katika mikoko, ambayo ni msitu wa hifadhi na tena ndiyo malezi ya kamba wachanga. Pandeni miti yenu kandokando ya uwanja, na jiko lijengwe kwa udongo lizunguke chungu, kwa maana mafiga matatu wazi huteketeza kuni bure.

Watoto wa Kibiti mjini wana taabu ya namna nyingine. Penye lango la shule huuzwa soda, barafu za rangi na vikaango. Chupa ya soda ya mililita 350 aghalabu ina sukari ya vijiko vya chai 8 au 9. Mzazi ampaye mtoto shilingi kwa soda amemnunulia meno mabovu, hali dafu na embe viko nyumbani.

Tena watoto hao hupelekwa kwa bodaboda, na jioni hukaa na simu. Shirika la Afya la Ulimwengu lilitoa shauri mwaka 2020 kwamba mtoto wa miaka 5 hata 17 autumikishe mwili kwa nguvu ya kiasi au zaidi, kwa wastani wa angalau dakika 60 kwa siku. Mtoto wa delta apigaye kafi na kuchota maji amekwisha kuzitimiza, lakini kazi si mchezo, naye ahitaji kucheka na wenzake. Mashindano ya UMITASHUMTA ni mema, ila huwachagua wenye mbio, na waliobaki huwa watazamaji. Kila mtoto na apate rede, kuruka kamba, kuvuta kamba, mpira wa miguu au netiboli. Wasichana wasiachwe wakifagia wakati wavulana wapo uwanjani. Kuogelea ningependa kukusifu, lakini mto wetu una mamba. Na mtoto ambaye hajala asikimbizwe juani. Apewe uji kwanza, apumzike, kisha acheze.

Dawa za minyoo na kichocho ziletwapo shuleni msizikatae, kwa sababu safura hunywa damu ile ile mliyoijenga kwa kunde.

Kijiji kitakacho kuanza kimwite afisa ugani wa kata kabla ya mavuno, si baada yake, apate kuyapima mahindi ya kila nyumba kabla hayajaingia ghalani. Kunde za bustani ya shule zipandwe masika yakielekea kuisha, katika ardhi iliyoachwa na maji, nazo majani yake ya kwanza yaweza kuchumwa kwa mboga kabla hazijatoa maua.