Gari ya zamani ikikataa kuwaka asubuhi ya baridi

Kwenye milima ya Lubero, Masisi na Minembwe, asubuhi na mapema ndiyo saa gari ya zamani inaonyesha kiburi chake. Mchana inawaka mara moja. Saa kumi na mbili asubuhi demarere inazungusha motere mpaka batri inachoka, na mgonjwa ao mizigo ya soko inangoja. Wengi wanasema karbiratere imekufa. Mara nyingi haijakufa.

Esansi haiwaki ikiwa maji-maji. Inawaka ikiwa mvuke uliochanganyika na hewa, karibu kilo 15 za hewa kwa kilo 1 ya esansi. Kukiwa na baridi, sehemu ndogo tu inageuka mvuke. Inayobaki inashika kwenye mirija kama umande. Kwa hiyo motere baridi inapaswa kupewa esansi zaidi, ili ule mvuke kidogo utoshe. Hiyo ndiyo kazi ya starteri.

Hapa maneno yanachanganya watu. Demarere ni mota ya umeme inayozungusha motere. Starteri ni kile kifungo cha kuvuta karibu na usukani. Waya wake unafunga kibao kidogo kwenye mdomo wa karbiratere, hewa inapungua, na motere inanyonya esansi kwa nguvu. Waya ukilegea, shofere anavuta kifungo lakini kibao hakifungi hata nusu. Ni kitu cha kwanza cha kutazama: ondoa chujio ya hewa, mmoja avute, mwingine aangalie. Kukaza waya huo ni kazi ya dakika chache.

Kosa lingine liko kwenye mguu. Motere ikikataa, shofere anakanyaga akselereta tena na tena. Kukanyaga mara moja kunatosha, kisha mguu uondoke, maana kukanyaga kunapunguza ule mvuto na kulowesha bujii. Harufu kali ya esansi ikisikika, motere imezama. Rudisha starteri ndani, kanyaga akselereta mpaka chini bila kuachia, ndipo uzungushe. Demarere isipite sekunde 10 kwa mara moja. Ipumzike nusu dakika.

Halafu kuna urefu wa nchi yetu. Ziwa Kivu lenyewe liko mita 1,460 hivi juu ya bahari, na milima inapanda zaidi. Kule hewa ni nyepesi, pungufu kwa karibu asilimia 15 kuliko pwani. Karbiratere iliyopimwa kwa nchi ya chini inatoa tayari esansi nyingi kupita hewa. Motere ikishika tu, starteri irudi polepole, mapema kuliko kitabu cha gari kinavyosema. Ikisahaulika nje, bujii zinakuwa nyeusi na esansi inaosha mafuta kwenye silinda.

Gari iliyolala siku nyingi ina shida nyingine: bakuli la karbiratere limekauka. Land Rover za Series II na III za esansi zina pompi yenye mkono mdogo pembeni. Uupige kwa kidole mpaka uwe mwepesi. Bakuli limejaa, na batri haijapoteza kitu. Kwenye delko, platine ziachane milimita 0.4 hivi. Waya wa masi ukiwa na kutu, cheche inadhoofika hata kama batri ni mpya.

Esansi ya kwa kadhafi nayo inafaa kuangaliwa. Ikichanganywa na petroli ya taa, inakataa kugeuka mvuke katika baridi. Imwage kidogo kwenye chupa nyeupe na uiache itulie: maji yatashuka chini. Petroli ya taa haionekani hivyo, ila kitambaa kilicholowa nayo kinachelewa kukauka na kinabaki na mafuta.

Hatari kubwa ni ile desturi ya kumwaga esansi kwa chupa kwenye mdomo wa karbiratere huku mwenzake anazungusha. Motere ikipiga nyuma, ulimi wa moto unatoka hapo hapo kwenye mkono na uso. Baridi haisaidii, mvuke wa esansi unashika moto hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri. Mkono wa pompi unafanya kazi ileile bila chupa. Na chujio ya hewa irudi mahali pake kabla ya kugusa demarere, maana ndiyo inazuia ule ulimi. Moto ukishika tayari, mchanga ao blanketi nzito. Si maji, kwa sababu esansi inaelea juu yake na kutembea nayo mpaka chini ya gari.